Tairi jipya lina upepo wake

Wanangu mnaoendesha semi kwenda Tunduma, nimeona mnavyofanya. Matairi yakishafungwa, mnamwambia fundi, "Jaza kama ya mwanzo," kisha mnapanda. Ya mwanzo yalikuwa ya saizi gani? Yalibeba kilo ngapi? Hakuna anayejibu.

Someni ubavu wa tairi. Kwenye 315/80R22.5 mara nyingi mtakuta 156/150. Hapo 156 ni kilo 4,000 likifungwa peke yake, na 150 ni kilo 3,350 kwa kila moja yakiwa pacha. Dukani mkiuziwa 295/80R22.5 lenye 152/148 kwa kuwa ni nafuu na linaingia kwenye ringi ile ile, mmeshuka hadi kilo 3,550 na 3,150.

Sasa twende mizani. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, yaani kilo 4,000 kila tairi. Mzigo ukifika hapo, lile la 156 halina akiba hata ya mfuko wa unga, na la 152 limeshazidiwa, ulijaze utakavyo. Kwenye trela, ekseli tatu zenye matairi 12 zinaruhusiwa tani 24: kila tairi kilo 2,000. Gari moja, upepo tofauti! Mbele msipunguze kitu. Tairi lililobeba hadi ukomo wake linataka upepo wake wote, aghalabu psi 120 na ushee. Nyuma fuateni jedwali la uzito na upepo la mtengenezaji. Muuzaji akisema hajui jedwali ni nini, tafuteni muuzaji mwingine.

Pimeni alfajiri, gari halijaondoka. Mchana pale Mikumi geji itasoma juu kwa sababu ya joto, nanyi msiguse. Anayepunguza upepo wa moto ataamka na tairi legevu.

Na hilo rungu la utingo la kugongea matairi! Linatambua tairi lililolala kabisa, basi. Kati ya psi 70 na 100 sikio halitofautishi, na pacha wa ndani ndiye anayesahaulika kwa kuwa kumfikia ni kuchafua mikono. Akilegea, wa nje hubeba mzigo wa wawili, hupata moto, hupasuka, nanyi mnalaumu Wachina.

Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Tairi lililotembea chini ya asilimia 80 ya upepo wake msilijaze barabarani. Nyaya za ubavuni huenda zimeshakatika, na likijazwa hufumuka kwa kishindo kinachoua aliyechuchumaa mbele yake. Livuliwe, likaguliwe ndani, kisha lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, mjazaji akiwa amekaa pembeni. Tajiri atapiga simu kuuliza kwa nini hamjafika Makambako. Mwambieni tairi limevuliwa, liko kwa fundi, na kesho mtampigia.