Toba Yenye Miguu

Andiko kuu: Luka 19:1-10



Ukitaja jina la Zakayo hapa Kenya siku hizi, watu wanacheka na mazungumzo yanageuka kuwa ya kodi. Leo siasa tuiache mlangoni. Huyu wetu ni Zakayo wa Yeriko, mkuu wa watoza ushuru, mtu mfupi aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu. Hadithi yake tunaijua tangu utotoni, lakini wengi wetu tunamwacha palepale juu ya mti. Tunasahau kile alichosema baada ya kumkaribisha Bwana: kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu chochote kwa hila, anamrudishia mara nne.

Neno la leo ni moja tu: msamaha wa Mungu ni bure kabisa, lakini toba ya kweli ina miguu. Inatembea mpaka kwa yule mtu uliyemkosea.

1. Yesu aliingia kabla pesa hazijarudi

Angalia mpangilio. Yesu alimwita Zakayo kwa jina na kumwambia leo atashinda kwake. Wakati huo Zakayo alikuwa hajarudisha hata shilingi moja! Ndiyo maana watu walinung'unika. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba unaweza kununua wokovu kwa kulipa madeni. Neema ilitangulia, malipo yakafuata.

Mpangilio huu ni jambo la uzima na kifo. Katika Mathayo 27, Yuda naye alirudisha pesa, vile vipande 30 vya fedha, vyote. Alikiri hata kwamba ametenda dhambi. Lakini alizipeleka kwa wakuu wa makuhani, na kwa Yesu hakurudi. Mwisho wake unaujua. Wawili walirudisha pesa, mmoja akaishia kwenye furaha na mwingine kwenye kamba. Mpendwa, kama dhambi inakulemea hata huoni pa kuanzia, anza kwa Yesu. Usibebe mzigo huo peke yako.

2. Zakayo alijihesabia kama mwizi

Torati ilikuwa na viwango. Katika Hesabu 5:6-7, mtu akiungama kosa lake analipa yote aliyochukua, na juu yake anaongeza sehemu ya tano. Yaani ukichukua shilingi 10,000 unarudisha 12,000. Lakini Kutoka 22:1 inasema aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza, atalipa kondoo wanne.

Sasa fanya hesabu. Zakayo amejitokeza mwenyewe. Hatusomi kwamba kuna aliyemkamata wala aliyemshtaki. Angeweza kusimama kwenye ile sehemu ya tano na watu wangempigia makofi. Yeye akachagua mara nne. Alijiweka kwenye fungu la mwizi wa kondoo.

Hakusema kulikuwa na shida kidogo kwenye mahesabu, au kwamba watoza ushuru wote hufanya hivyo. Alitaja kosa kwa jina lake. Sisi tuna maneno laini sana: "nilizishikilia tu", "nilikopa bila kusema", "ni shetani". Toba huanza siku ile tunapoacha kulipamba kosa.

3. "Nimeshamalizana na Mungu"

Hapa ndipo penye shida kanisani. Mama mmoja alikuja kuniona kuhusu pesa za chama zilizopotea. Akaniambia, "Pastor, yule dada alisimama mbele akashuhudia kwamba Mungu amemsamehe. Sisi wote tukasema amina. Lakini mimi mtoto wangu bado yuko nyumbani kwa sababu ya karo." Sikuwa na jibu la haraka la kumpa. Yule dada alikuwa na ushuhuda, na mama huyu alikuwa na deni la shule.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na hili liko wazi hata kwenye vitabu vya mahesabu. Kama unadaiwa na watu wawili na mmoja akakufutia deni, deni la yule wa pili bado liko palepale. Mungu anaposamehe dhambi yako, hajamsemea jirani yako kwamba halipwi.

Kuna wanaojificha nyuma ya Zaburi 51, pale Daudi anamwambia Mungu kwamba amemkosea Yeye peke yake. Lakini usisahau Uria alikuwa kaburini. Ni Daudi huyo huyo ambaye, Nathani alipomweleza habari ya tajiri aliyemchukua mwanakondoo wa maskini, alisema alipwe mara nne (2 Samweli 12:6). Uhai wa Uria haungeweza kurudishwa mara nne wala mara moja. Mpendwa, kuna vitu muda wake wa kurudishwa unapita. Kama mtu uliyemkosea bado anapumua, hiyo ni rehema. Itumie.

Na Yesu mwenyewe, katika Mathayo 5:23-24, anamwambia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka, akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache hapo, aende wapatane kwanza. Pesa ya mtu ukiitoa fungu la kumi bado ni pesa ya mtu.

4. Kwako wewe uliyekosewa

Katika Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 alimkaba mwenzake kwa sababu ya dinari 100. Tunapenda kusema dinari 100 zilikuwa kitu kidogo. Hapana. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku. Hizo ni siku 100 za jasho! Yesu hakusema uliloibiwa ni dogo. Alisema ulilosamehewa ni kubwa zaidi.

Deni likifutwa, hasara haipotei hewani. Inabebwa na yule aliyefuta. Msalaba ndio huo: Mungu alibeba hasara yetu Yeye mwenyewe. Kwa hiyo ukisamehe, najua unabeba kitu, na Bwana anajua zaidi. Lakini kusamehe si kudanganya kwamba hakuna kilichotokea. Unaweza kumsamehe mtu na bado upokee kilicho chako. Unaweza kumsamehe na bado usimrudishie ufunguo wa sanduku la chama. Na kama ni kosa la kumuumiza mtu, hasa mtoto, asikwambie mtu kwamba kusamehe maana yake ni kunyamaza. Ripoti.

Wiki hii

Chukua karatasi. Andika jina moja, si kumi. Andika ulichochukua: pesa, mpaka wa shamba, au jina zuri uliloliharibu kwa maneno. Mpigie simu au nenda umwone. Usiseme "kama nilikukosea". Sema ulichofanya. Kama huna pesa yote, anza na uliyo nayo na mkubaliane siku ya nyingine. Kama mwenyewe ameshafariki, Hesabu 5:8 inaelekeza malipo kwa jamaa yake wa karibu. Watafute watu wake. Kama amehamia mbali, simu ipo na pesa hutumwa kwa simu. Na kama unaogopa kwenda peke yako, tuambie wachungaji. Tutaenda na wewe.

Tuombe: Bwana Yesu, asante kwa kuingia nyumbani mwetu kabla hatujatengeneza kitu. Tupe ujasiri wa kurudi kwa wale tuliowakosea, na uwaponye waliobeba hasara yetu. Katika jina lako tumeomba. Amina.