Msifungue Kamba

Wakatekumeni wapenzi,

Mtu aliyezaliwa karibu na Lubumbashi hajui sana milima. Nchi yetu ni ya miombo na vichuguu virefu. Na mjini penyewe kilima kionekanacho kutoka mbali ni kile cheusi cha mabaki ya shaba, karibu na bomba kubwa la moshi. Lakini katika Kongo hii yetu, upande wa mashariki, mpakani na Uganda, iko milima ya Rwenzori. Kilele chake kikubwa, Margherita, chafika meta 5,109, nacho kina theluji, ingawa ni karibu na ikweta. Leo nataka kuwafundisha kwa mfano wa mlima.

Tumfikirie kijana ambaye hajapanda jabali hata siku moja. Rafiki zake wamemwalika, naye amekuja. Anatazama juu, anaona ukuta wa mawe, moyo unamdunda. Rafiki zake hawamcheki. Wanamfunga kamba kiunoni, wanalikagua fundo, wanalikagua tena. Kisha yule aliye mjuzi anatangulia. Akifika mahali imara anajifunga mwenyewe kwenye mwamba, anaita. Ndipo mwanafunzi aanze kupanda, na yule wa juu anaivuta kamba kidogo kidogo, isilegee.

Anafundishwa mambo matatu. La kwanza, ategemee miguu kuliko mikono, maana mikono huchoka upesi. La pili, asihamishe viungo viwili kwa mara moja: vitatu vishike mwamba, kimoja kitafute mahali papya. La tatu, akiogopa aseme. Anyamazaye kwa aibu, huku magoti yanatetemeka, ndiye aliye hatarini.

Je, akiteleza? Huteleza, ndugu zangu. Mguu unakosa jiwe, vidole vinaachia, anaanguka. Lakini hafiki chini. Kamba inakaza, naye ananing'inia. Goti limechubuka, lakini yu hai. Anavuta pumzi, anatafuta tena mahali pa kuweka mguu, anaendelea. Kamba haikumzuia asiteleze, ilimzuia asipotee.

Nanyi mmekwisha kufahamu. Ninyi ndio wanafunzi. Aliyetangulia ni Bwana Wetu Yesu Kristo, aliyepita njia ya msalaba kabla yetu, naye sasa yuko juu, mahali imara. Kamba ni neema yake. Na mikono inayokaza fundo hilo ni katekista wenu, msimamizi wenu wa ubatizo, na wakristo mnaosali nao.

Asiwepo mtu wa kusema: "Kamba ni ya watu dhaifu." Mwaka 1906, tarehe 18 Juni, Luigi Amedeo, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika kwenye kilele cha Margherita. Yeye alikuwa msafiri hodari. Hata hivyo alikwenda na viongozi wa mlimani, watu wa vijiji vya milima ya Alpi huko Ulaya: Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Mtu mkubwa alikubali kuongozwa na wanakijiji, akafika.

Tusikie na habari ya huzuni. Albert wa Kwanza, Mfalme wa Ubelgiji, ndiye ambaye mji wa Kalemie zamani uliitwa Albertville kwa jina lake; na mji wetu wa Lubumbashi uliitwa Élisabethville kwa jina la mkewe. Mfalme huyo alipenda sana kupanda majabali, naye alikuwa mjuzi wa kazi hiyo. Tarehe 17 Februari 1934 alikwenda kwenye miamba ya Marche-les-Dames, kando ya mto Meuse. Mtumishi wake alimngoja chini. Yeye alipanda peke yake. Akaanguka, akafa, umri wake miaka 58. Miamba ile ni midogo sana kuliko Rwenzori. Hatumhukumu, tumwombee raha ya milele. Lakini tujifunze: ujuzi wa miaka mingi hauchukui mahali pa mwenzi wa kukushika.

Tena yupo Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino. Alipanda Alpi pamoja na rafiki zake, na mjini aliwazuru maskini na wagonjwa. Alifariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Sasa nasema wazi. Wako wakatekumeni walioanza vema pamoja nasi. Mmoja alirudia ulevi. Mwingine, mtoto wake alipougua, alikwenda usiku kwa mpiga ramli. Mwingine alimpiga mkewe, kijiji kizima kikasikia. Waliona haya, wakasema: "Nitamtazamaje katekista?" Jumapili hawakuja, na Jumapili ya pili vilevile. Kilichowatenga nasi kilikuja baada ya kuteleza: walifungua kamba kwa mikono yao wenyewe.

Jambo la mwisho. Wapandaji wanajua kwamba kushuka kuna hatari yake, maana mtu amechoka, tena amefurahi, haangalii anapokanyaga. Usiku wa Pasaka mtabatizwa, mtavaa nguo nyeupe, mtaimba. Kisha mtarudi shambani, sokoni na nyumbani. Msifungue fundo siku hiyo.

Basi juma hili fanyeni kazi moja. Kumbukeni jina la mwenzenu aliyeacha mafundisho. Nendeni nyumbani kwake, wawili wawili. Msimgombeze. Ketini naye, kuleni chakula chake, mkamwambie kwamba mahali pake hapajakaliwa na mtu. Huenda anangoja mtu wa kumrushia kamba.

Mungu awabariki.