Muziki Usiotuamuru

Kwetu Bariadi ngoma ina kazi yake. Bugobogobo huwapanga wakulima mstari mmoja, majembe yakapanda na kushuka kwa pigo moja. Wimbo wa mchakamchaka huwaamuru wanafunzi wakimbie. Ngoma ya harusi hutuamuru tucheze. Je, muziki usioamuru lolote unamfaa nini binadamu?

Swali hili limeletwa nyumbani kwangu na mjukuu, aliyenisikilizisha Peel, albamu ya mwaka 2020 ya Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kama KMRU. Babu yake, aliyefariki mwaka 2018, naye aliitwa Joseph Kamaru. Aliimba Kikikuyu na kuwakosoa watawala waziwazi. Mjukuu haimbi. Hurekodi sauti za mazingira, akazirefusha na kuzichanganya kwa kompyuta hadi zitande kama ukungu wa alfajiri. Hakuna ngoma wala neno. Kipande cha mwisho kinapita dakika 20. Cha kwanza jina lake ni swali: kwa nini uko hapa?

Wazee wenzangu husema huo ni uvivu uliopambwa kwa mitambo. Hoja yao si ya kupuuza. Mvua ikianza, mkulima hana dakika 20 za kukaa bure.

Lakini tunapokwenda msibani, tunakwenda kufanya nini? Tunakaa na mfiwa. Anasema kidogo, ananyamaza, anarudia aliyoyasema jana. Hatumharakishi. Katika chuo cha ualimu tuliwafundisha wanachuo jambo hilohilo: mtoto mwenye kigugumizi asimaliziwe sentensi. Anayemmalizia hudhani anamsaidia, kumbe anamnyang'anya kauli yake.

Subira hiyo mtu hazaliwi nayo, hufunzwa. Sikio lililozoea kupokea amri tu humchoka upesi mtu asiye na la kutuagiza. Muziki wa KMRU hulizoeza kungoja, maana sauti zake hubadilika polepole mno, na asiyetulia hatambui kwamba zimebadilika.

Sisemi bugobogobo iachwe, kwani jembe ndilo linalotulisha. Nasema kwamba jamii inayosikiliza kwa ajili ya kazi peke yake itafika mahali ikose watu wa kuketi na wagonjwa wake, wafiwa wake na wazee wake. Na sisi wazee, ndugu msomaji, tunasema polepole.