Mfungo Wangu na Sahani ya Mama

Ndugu msomaji, kuna swali limenikaa rohoni tangu Kwaresima iliyopita. Mtu akifunga kwa siri, halafu akadanganya ili siri yake isivuje, je, huyo amefunga au ameshinda na njaa tu?

Mimi ni kijana wa hapa Mpanda mjini. Nilimaliza kidato cha nne, na sasa naandika riwaya ambayo haiishi. Jumatano ya Majivu tulisomewa kanisani Injili ya Mathayo sura ya 6, pale Yesu anapowakanya wanaofunga kwa kukunja nyuso ili watu wawaone. Maneno yale yakanichoma. Nikaamua kuacha chakula cha mchana kila Jumatano na Ijumaa, na mtu yeyote asijue.

Kumbe siri ina gharama yake, bwana! Nyumbani kwetu ni vyumba viwili na jiko moja la mkaa. Mama akipakua ugali na dagaa anahesabu vichwa. Siku ya kwanza nikamwambia, "Nimekula kwa rafiki yangu, Mama." Siku ya pili nikasingizia tumbo; maskini, akanichemshia tangawizi. Siku ya tatu nikazurura stesheni ya reli mpaka nikajua vyombo vimeshaoshwa. Moyoni nilijiona mtakatifu. Sahani yangu nilikuwa naikuta jioni imefunikwa, naila yote.

Ijumaa moja nikarudi mapema, nikamkuta Mama anakwangua sufuria. Wadogo zangu walikuwa wamekwisha kula. Nikamuuliza yeye amekula nini.

"Mimi nimeshiba kwa kuonjaonja," akajibu.

Maneno hayo nayasikia tangu niko darasa la kwanza. Siku hiyo ndiyo kwanza nikayaelewa. Sote wawili tulikuwa na njaa, na sote wawili tulikuwa tunadanganya. Lakini uongo wake ulitushibisha sisi watoto. Uongo wangu ulimshibisha nani? Hata kile chakula nilichojinyima hakikumfikia yeye, maana hakujua kwamba angeweza kukila.

Isaya sura ya 58 inaifungamanisha saumu na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Mimi sikumgawia mtu. Nilichelewesha tu kula.

Hapa Katavi tunaye wa kumkumbuka, Adrien Atiman. Alitekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Sala zake za chumbani anazijua Mungu. Sisi tunachokumbuka ni wagonjwa aliowahudumia.

Utasema: basi tutangaze mifungo yetu barabarani? La hasha. Kuweka siri ni kutotafuta sifa za watu. Kumdanganya anayekupikia ni jambo jingine kabisa, na mimi niliyachanganya. Mama hakuwa wa kunipigia makofi. Alikuwa na haki ya kujua sahani yake inakwenda wapi.

Nikamwambia, "Mama, Jumatano na Ijumaa mchana usinipakulie. Hicho chakula kula wewe."

Akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa hujala? Na ile tangawizi?"

Nikainamisha kichwa. Akaifunua sahani, akaiweka katikati yetu. "Leo hujafunga, baba. Nawa mikono."

Tukala.

Na sasa nimekueleza wewe, msomaji, na sijui kama nimetubu au nimejisifu kwa mlango wa nyuma. Sisi tunaotaka kuwa waandishi tuna ugonjwa huo, kila cha chumbani tunataka kukipeleka gazetini. Kwaresima ijayo nikifunga, hutaisoma habari yake hapa. Atajua Mungu, na atajua Mama, kwa sababu yeye ndiye atakayekula.