Dhiki ya Moyo Ina Dalili Zake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, sisi tukaao Maua twajua jinsi riziki iwezavyo kukatika kwa siku moja. Miraa hukatwa, ikafungwa kwa majani ya mgomba, ikakimbizwa Nairobi. Kwani zikipita siku chache nguvu yake hupotea na bei yake pia. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza iliipiga marufuku. Machi 2020 Somalia nayo ikaifungia mlango, usifunguliwe mpaka Julai 2022. Hukumu ya miraa katika sharia si maudhui yetu leo. Tutakalo kulisema ni hili: kila mlango ulipofungwa watu walihesabu shilingi zilizopotea, na wachache mno waliuliza yaliyowapata wenzao mioyoni.

Dhiki ya moyo haiji kwa jina lake. Mtu hasemi, "Nimedhikika." Husema chakula hakina ladha, watoto wana kelele, mke ana maneno mengi. Hukasirika kwa jambo dogo. Usiku hugeuka huku na huku akihesabu madeni. Mchana moyo humwenda mbio na kichwa humuuma. Husali bila kujua amesali rakaa ngapi. Kisha hujitenga, asende msikitini wala barazani. Ambaye ameziona dalili hizi katika nafsi yake, na ajue kwamba adui yake si mkewe wala wanawe. Ni dhiki iliyokosa njia ya kutokea.

Wako wasemao kwamba Muumini wa kweli hahuzuniki. Maneno haya si ya elimu. Mwaka aliofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, Mtume wetu alihuzunika hata mwaka huo ukajulikana kwa jina la Mwaka wa Huzuni. Mwanawe Ibrahim alipofariki, machozi yalimtoka mbele ya sahaba zake. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, wala utume wake haukupungua. Kilichokatazwa ni kukata tamaa na rehema ya Mola, huzuni haikukatazwa.

Wako na wengine ambao kila usingizi ukiwapotea husema wamelogwa, wakauza mbuzi wampe mganga. Hao na wajue kwamba wanavyuoni wetu waliitazama dhiki kwa jicho la utabibu tangu zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, na namna ya kutibu kila moja.

Basi mwenye dhiki afanye nini? Kwanza aitambue, aitaje kwa jina lake mbele ya Mola wake. Mtume wetu mwenyewe alikuwa akijilinda kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni. Pili, hasira ikimpanda, ashike mafunzo ya Mtume: aliyesimama na akae, na isipomwondoka na alale, kwani aliyelala mkono wake hauko karibu na kupiga. Tatu, autunze usingizi. Mtume hakupenda mazungumzo baada ya sala ya Isha. Nasi twawaona watu wenye dhiki wakikesha wakitafuna miraa, nayo ndiyo ifukuzayo usingizi wanaoulilia. Nne, amwambie mtu mwaminifu: mkewe, nduguye, au imamu wake. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na dhiki ikiendelea majuma mawili, mtu halali wala hali, au ikimjia fikira ya kujiua, asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali. Kujitibu ni amri ya Mtume wetu, wala si aibu. Wala asifichwe kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichomhesabu mhalifu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Lakini, ndugu zetu, tusimtwike mwenye dhiki mzigo wote peke yake. Tunaodai madeni tumeamrishwa kumpa muda mdaiwa aliye katika shida, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye duka amwitaye mdaiwa wake kwa sauti mbele ya watu, na jirani aonaye nafasi ya mwenzake i tupu safuni Ijumaa tatu asimwulize, wote wawili wameongeza dhiki hiyo. Basi leo kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja ambaye hajaonekana siku hizi, akambishie hodi kwake, wala asiende kumdai.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azikunjue nyoyo zetu, na atujaalie kuwa faraja kwa wenzetu. Wabillahi taufiq.