Jicho Laleta, Akili Yahukumu

Mara nyingi katika baraza zetu, baada ya sala ya magharibi, husikika mtu akisema: "Mimi sikuambiwa, nimemwona kwa macho yangu haya." Neno hilo likisha kutamkwa, mazungumzo huwa yamekwisha. Aliyetajwa huwa amekwisha hukumiwa naye hayuko, wala hapana athubutuye kuuliza zaidi. Twadhani kwamba jicho ni shahidi asiyesema uwongo, na kwamba aliyeona hana haja tena ya kufikiri. Leo twapenda kuuliza: je, ni jicho ndilo limtambualo mtu? Na ikiwa silo, mwenye kusema "nimeona" huwa amebeba amana gani?

Suali hili si geni kwa Waislamu. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 wa Miladi na kufariki Misri yapata mwaka 1040, aliliandikia kitabu kikubwa cha juzuu saba, Kitab al-Manazir. Kabla yake walikuwako wanazuoni wakubwa wa Kiyunani waliosema kwamba jicho hutoa miale iendayo kukigusa kitu. Yeye alibainisha kwamba nuru ndiyo itokayo kwenye kitu ikaingia jichoni. Wala hakukomea hapo. Alieleza kwamba kuingia kwa nuru si kutambua. Iko nguvu ya kupambanua ndani ya mtu, nayo hulinganisha sura iliyokuja na sura zilizohifadhiwa katika kumbukumbu. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika upesi mno, mtu hajui kwamba amehukumu. Hudhani kuwa ameona tu. Kadhalika alionyesha kwamba tunapomtambua tumjuaye hatukagui kila kiungo chake, bali hutosheka na alama chache. Na mwenye kutosheka na alama chache aweza kukosea.

Elimu ya zama zetu haikuyavunja maneno hayo, imeyazidisha nguvu. Nuru hupita katika mboni, ikachora sura iliyopinduka katika utando ulio nyuma ya jicho. Utando huo hauupelekei ubongo picha, kama mtu apelekavyo barua ndani ya bahasha. Huigeuza nuru kuwa ishara, nazo ishara husafiri katika mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni moja kwa kila jicho, hata zikafika sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walichunguza ubongo wa paka wakaona kwamba chembe za sehemu hiyo zina kazi ndogo ndogo: hii huamshwa na mstari uliosimama, ile na mstari ulioinama. Kutoka hapo khabari hushika njia mbili. Moja hupanda juu, na kazi yake khasa ni kujua kitu kiko wapi. Ya pili hupita upande wa chini, kuelekea masikioni, na kazi yake ni kujua kitu ni nini. Katika njia hii ya pili iko sehemu ishughulikayo zaidi na nyuso za watu. Hapo mistari huwa maumbo, maumbo yakakutanishwa na kumbukumbu, ndipo mtu akasema: hiki ni kikombe, huyu ni jirani yangu.

Mwenye shaka na ayatazame mambo mawili. Mwaka 1728 tabibu William Cheselden wa London alieleza khabari ya kijana aliyekuwa kipofu tangu utotoni, akapasuliwa macho akaona. Nuru ilimwingia kama iwaingiavyo watu wote, lakini hakujua akionacho. Paka na mbwa walimchanganya, akawa aona haya kuuliza kila mara. Siku moja akamshika paka, akampapasa kwa mkono uliomjua zamani, huku akimkazia macho, ili akimwona tena amjue. Jicho lilikwisha pona. Akili ilikuwa ndiyo kwanza yajifunza. Jambo la pili ni kinyume cha hilo. Mwaka 1947 tabibu wa Kijerumani, Joachim Bodamer, aliandika juu ya watu waliojeruhiwa ubongo. Macho yao yalikuwa yakiona, lakini hawakuweza kutambua nyuso, hata za watu waliowazoea. Basi nani asemaye kwamba jicho pekee latosha?

Tena kazi hii ni ya haraka kupita kiasi. Mwaka 1996 Simon Thorpe na wenzake, huko Ufaransa, waliwaonyesha watu picha kwa muda wa sehemu 20 tu katika elfu za sekunde. Ubongo uliweza kupambanua kama mna mnyama ama hamna katika muda wa sehemu zipatazo 150. Haraka hiyo ni neema, kwani bila yake tungegongwa na magari njiani tukiwa bado twafikiri. Lakini mwenye haraka hangoji ushahidi wote. Kila jicho lina mahali pasipoona kabisa, pale utokapo mshipa wa fahamu. Walakini hapana mtu aonaye tundu mbele yake, maana ubongo hupajaza kwa kukisia kutokana na yaliyo kandokando. Na kama ujazavyo tundu hilo, ndivyo ujazavyo penye kiza na penye umbali, kwa yale uyatarajiayo. Amngojaye mgeni humwona katika kila apitaye. Amchukiaye jirani, je, hatamwona katika kila kivuli?

Madhara yake si madogo. Mwaka 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina huko Marekani, mwanamke mmoja, Jennifer Thompson, aliingiliwa nyumbani usiku na mtu aliyemnajisi. Katika msiba ule alijitahidi kuuhifadhi uso wa adui yake, ili apate kumshuhudia. Alipoonyeshwa picha alimchagua Ronald Cotton. Walipopangwa watu mbele yake alimchagua tena. Hakusema uwongo, aliamini kwa moyo wake wote. Mwaka 1987 mkosaji wa kweli aliletwa mahakamani, na yule mwanamke akasema hamjui. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi, hata mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vikabainisha kwamba hakuwa yeye. Ikiwa mtu aliyekusudia kutazama, na aliyekuwa karibu, alikosea hivyo, itakuwaje kwa amwonaye mwenziwe mara moja, kwa mbali, penye taa hafifu?

Huenda msomaji akasema: "Mwataka basi tusiamini macho? Ushahidi utakuwa wapi, na mwezi tutauonaje?" La, hatusemi hivyo. Jicho husibu mara nyingi kuliko likoseavyo, na sharia haiendeshwi pasipo mashahidi. Tusemalo ni kwamba shahidi ahojiwe kwa adabu, naye asikasirike. Imesimuliwa kwamba watu wa Basra walitoka kuutazama mwezi, pamoja nao Anas bin Malik, Sahaba wa Mtume, akiwa mzee sana. Akasema: nauona, ule pale. Wengine hawakuona kitu. Iyas bin Muawiya, aliyekuwa kadhi mwenye akili nyingi, akamtazama usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho lake. Akaupangusa, kisha akamwomba awaonyeshe tena mwezi ulipo. Akatazama, asiuone. Hapana aliyemwita yule mzee mwongo, wala hapana aliyefunga kwa unywele.

Basi yatupasa kila mmoja ajitafutie unywele wake kabla ya kunena. Ibn al-Haytham alitaja masharti ya kuona sawasawa: nuru ya kutosha, umbali wa kiasi, hewa safi, muda wa kutazama, na jicho zima. Sisi twaongeza moja: moyo usiokwisha kuhukumu. Na yakipungua hayo, mtu aseme kile kilichomjia jichoni, asiseme kile kilichotungwa na dhana yake. Kusema "nilimwona mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe, akipita upesi" ni ushahidi. Kusema "nilimwona fulani" ni hukumu. Ya kwanza haimvunjii mtu heshima yake. Ya pili yaweza kuvunja ndoa, kutenga ndugu, na kumfunga asiye na kosa.

Qur'ani katika Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu pasipo kujua. Tumezoea kulielekeza agizo hilo kwa yule atuleteaye maneno kutoka mtaa wa pili. Twasahau kwamba jicho letu nalo ni mleta khabari, na kwamba akili yetu yaweza kuitia chumvi khabari hiyo kabla hatujaisikia. Mwenye kumhoji mjumbe wa nje, na amhoji pia wa ndani. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.