Fungu la Binti



Wageni wa pwani wanapofika kwetu Bukoba hustaajabu kuona nyumba imo ndani ya migomba, kahawa ipo kando yake, na kaburi la babu limo humo humo. Shamba la namna hii huitwa kibanja. Kibanja kilichotoka kwa mababu ni cha ukoo, na kwa mila ya Wahaya, iliyoandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963, binti alikipata kwa kukitumia tu, asikiuze. Kaka yake aliweza kuuza.

Basi mwaka 1988 bibi mmoja wa Wilaya ya Muleba, aliyeachiwa kibanja na baba yake kwa wasia, alikiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Jamaa yake akenda kushitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikaigeuza hukumu. Rufaa ikafika Mahakama Kuu ya Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kuwa mila ile inapingana na ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi. Mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, na mtu wa ukoo anayeumwa na kuuzwa huko amrudishie mnunuzi fedha zake akikomboe kibanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikasema kuwa mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi haina nguvu.

Nimewasikia wazee wakinung'unika kuwa jaji ameyauza makaburi yao. Neno lao si la kupuuzwa, maana kaburi la baba si gunia la kahawa. Lakini mbona uchungu huo haukuwa mkali hivyo kaka alipouza? Na njia ya kukomboa waliachiwa. Sisi tunayo inayofanana nayo katika fiqhi, nayo ni shufaa: mshirika wako akiuza sehemu yake ya ardhi msiyogawana, una haki ya kuitwaa kwa mnunuzi kwa bei ile ile. Anayelia machozi bila kutoa bei hana shufaa.

Sasa Waislamu wenzangu, tusikimbilie kuwacheka Wahaya. Kweli, aya ya 7 ya Sura Nisaa imewawekea wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, karne nyingi kabla ya Katiba hiyo. Kesi ile ingekuja kwetu ingegawanywa vingine: wasia kwa mrithi haupiti ila wenzake waridhie, na binti aliye na kaka hupata nusu ya fungu la kaka. Lakini lile lililomwangukia ni lake kabisa. Ataliuza, atalitoa wakfu, atalilima, wala hamwombi mtu ruhusa.

Hiyo ndiyo sheria. Je, minazi ya marehemu babu yako iko mikononi mwa nani? Huulizi, kwa kuwa shangazi "alisamehe".

Miaka kadhaa iliyopita waliniijia ndugu watatu, Waislamu wema wasiokosa swala ya Ijumaa, na karatasi niishuhudie. Imeandikwa kuwa dada yao amesamehe fungu lake katika kibanja cha Muleba. Dada alikuwapo, ameinamisha kichwa. Nikamwuliza, "Fungu lako ni migomba mingapi?" Hakujua. Nikawaambia kuwa mtu hasamehe asichokijua, na mirathi humwingia mrithi kwa kufa tu kwa maiti, si kwa hisani ya kaka. Mafaqihi wetu wamekihesabu kilichotwaliwa kwa upanga wa haya (nasema haya ya kuona aibu, si Uhaya) kuwa sawa na kilichonyang'anywa.

Nikawataka kwanza wakipime, wamkabidhi mpaka wake mbele ya majirani, akae nao mwaka mzima, kisha akipenda kuwapa awape. Mkubwa wao alikasirika, akasema nimekuja kuwavunjia udugu. Lakini walipima.

Mwaka ulipotimia yule dada alinijia peke yake, na mkungu wa ndizi kichwani. Nikamwuliza kama amekuja tuandike ile karatasi.

"La, maalim," akasema, "nimekuja kukuletea hizi. Zimetoka kwangu."